Uyoga Nilioonja kwa Niaba ya Bi Zuhura

Siku ninaaga kazi, vijana wawili wa upande wa moto, yaani wanaopika, waliniuliza kwa nini uyoga wa ndege ya Tokyo hauoshwi. Niliwajibu kwa mkato kwa sababu keki ilikuwa inakatwa, na mimi keki huwa siichezei. Sasa nimestaafu, sina kengele ya asubuhi, na jibu lenyewe ni refu kuliko lile nililowapa nikiwa na krimu mdomoni. Ndiyo maana nimekaa mezani hapa nyumbani Herndon kuwaandikia. Vyeo na mishahara nimeviacha nje. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe, maana ni ule ule mnaounung'unikia kila mkiketi kula.

Mle jikoni mlinijua kama Mama Brian. Jina langu ni Damaris, na kabla ya kuja huku ughaibuni nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Nakuru, mwenye chaki na sauti. Nilifikia kwa dada yangu anayeishi mji wa Laurel nikiwa na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya plastiki, na kila nilipovionyesha niliambiwa ni vizuri sana, nivitunze. Mwishowe mtu wa kanisani akanipeleka kwenye jiko linalopikia ndege, karibu na uwanja wa Dulles, ambako hawakuuliza vyeti ila saizi ya kiatu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa neti ya nywele, buti za mpira na mwanamke mfupi kutoka Tanga. Huyo ndiye Bi Zuhura. Tuliwekwa kwenye mashine ya kuoshea trei. Trei zinaingia upande mmoja na mabaki ya ndege nzima, zinatoka upande wa pili zikifuka mvuke, na wewe uko katikati unachemka polepole. Nilipomsalimu alisikiliza kwanza mwangwi wa maneno yangu, kisha akauliza:

"Dada, hapo unanisalimu au unanigombeza?"

"Nakusalimia, kwani husikii?"

"Kwetu salamu ina breki. Hebu anza tena, polepole."

Nilianza tena, na nadhani sijamaliza hadi leo. Kiswahili hiki mnachokisoma nilikipata pale kwenye mvuke, ingawa shuleni ndiko nilikolipwa kukifundisha. Yeye naye alipata kwangu Kiingereza cha kugombana na wasimamizi, kwa hiyo hatudaiani.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo nyinyi mlioingia juzi bado hamjalionja uchungu wake. Mpishi wa hoteli huchungulia mlangoni akaona watu wanavyotafuna. Mpishi wa ndege hamwoni mlaji wake hata siku moja. Unapika, chakula kinaingia kwenye lile friji la kupozea kwa kasi ambalo sote tunaliita Siberia, kinapakiwa, kinapashwa moto angani na mtu mwingine, kinaliwa juu ya bahari, na mabaki yake yanatupwa Tokyo. Sahani zinazorudi kwetu zina mabaki ya wapishi wa Tokyo. Hakuna atakayekuambia umepika vizuri. Ukisikia neno, ujue ni malalamiko, na yatakuwa yamepita ofisi zote kabla ya kukufikia wewe.

Tulitoka kwenye mashine siku jiko letu lilipopata ndege ya Tokyo. Shirika lilimleta Bwana Morita, mpishi wa Kijapani mwenye shingo fupi na maneno mafupi zaidi, aje kufundisha vyakula vyao. Kimojawapo kilikuwa uyoga wa kuoka ndani ya foili, wa kuwapa abiria wa viti vya mbele. Wapishi wenye uzoefu waliukimbia kwa sababu una kazi nyingi za mikono. Ukatuangukia sisi wawili, ambao hatukuwa na mahali pa kukimbilia.

Sasa mnisikilize. Nilikolelewa mimi, uyoga ulikuwa kitu cha kuonywa, si cha kupikwa. Mama yangu aliutaja katika sentensi moja na nyoka. Bi Zuhura naye alisema uyoga aliowahi kuuona uliota mahali ambapo asingependa kupataja mbele ya chakula. Aliyefurahi ni Papa Alphonse, mzee wa Lubumbashi aliyekuwa akipokea mizigo ya mboga. Alitusukumia makreti akicheka na kuchanganya Kifaransa chake.

"Ninyi hamujue kula, ma sœur. Kwetu uyoga ni nyama! Mvua ikinyesha, barabara yote ni watu wanauzisha uyoga."

"Na wanaokufa nao?" Bi Zuhura akauliza.

"Hao hawakukuwa na bahati."

Hilo halikututuliza. Basi tukafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu mwenye akili angefanya. Tuliuosha uyoga kama mchele, mpaka maji yakatoka meupe. Kisha tukautia kwenye sufuria la maji yanayochemka, tuchuje, tumwage maji, na sumu iende nayo. Bwana Morita aliingia wakati sufuria linatokota. Alichungulia ndani, akatutazama, akauliza neno moja: "Supu?"

"Hapana," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ualimu. "Tunaondoa sumu."

Alizima moto. Alichota yale maji kwa kikombe, akapuliza, akayanywa yote mbele yetu. Kisha akauchukua uyoga wetu msafi, mweupe, uliochemka vizuri, akaumwaga kwenye pipa la taka. Akagonga kikombe kitupu kwa kidole. Maana yake tuliielewa bila mkalimani: chakula kilikuwa humu, huko mmebakiza sifongo. Tangu siku hiyo alituita sote wawili Supu. Mimi Supu mkubwa kwa sababu ya mwili, Bi Zuhura Supu mdogo.

Basi jibu la vijana wangu ni hilo. Uyoga hunywa maji, na ukishayanywa hautaki tena kuiva, unachemka tu ndani ya ngozi yake. Vitamini zake za kundi B na potasiamu yake zinatoka na yale maji, ukimwaga umemwaga mali. Unapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Unachana kwa mkono, si kwa kisu, ili sosi ipate mahali pa kushika. Unauweka kwenye chuma kikavu bila mafuta na unausikiliza. Utalia kwanza, unatoa jasho, kisha utanyamaza. Usiuguse kabla haujanyamaza. Ukinyamaza unageuka rangi pembeni, na hapo ndipo unaweka kwenye foili, sosi ya soya, sake ambayo ni pombe yao ya mchele, mirini ambayo ni pombe nyingine tamu, na kipande cha siagi juu. Unakunja foili kama barua ya mahari, mvuke usipate pa kutokea, na kwenye oveni. Anayepaswa kuifungua ni mlaji, si wewe. Bwana Morita alitufanyisha hivyo siku nzima kwa neno moja la Kiingereza, nalo lilikuwa "tena".

Kwenye sake ndipo Bi Zuhura alipoweka mstari wake. Angepangusa, angechana, angechoma, angekunja. Chupa hagusi, na kilichoingiliwa na chupa hakipiti mdomoni mwake.

"Lakini wanasema pombe yote ina-evaporate na moto," nilimwambia.

"Hoja si iliyobaki, Damari. Hoja ni iliyoingia."

S ya mwisho ya jina langu hakuwahi kuitamka. Basi tukagawana. Yeye akawa mikono, mimi nikawa chupa na ulimi. Mjue kwamba mimi ni mshirika wa kanisa ambalo hata juisi ya tufaha iliyokaa sana kwenye friji inatazamwa vibaya. Jumatano nilikuwa nakwenda maombini moja kwa moja kutoka kazini, mikono ya sweta ikinukia pombe ya mchele. Mama mchungaji aliniwekea mkono begani akaniombea kwa muda mrefu kuliko alivyowaombea wagonjwa. Sikumkatiza. Maombi ni maombi.

Mwanzoni nilikuwa ulimi wa hovyo. Kila foili ya kwanza ikitoka kwenye oveni niliifungua, nikachota kwa kijiko, na Bi Zuhura akaniuliza, "Vipi?" Mimi nikajibu, "Tamu."

"Tamu ni jibu la mgeni anayetaka kuondoka. Niambie chumvi imekaa wapi."

Ikabidi nijifunze kula upya, mtu mzima na miaka yangu. Nikajifunza kumwambia kwamba chumvi imetangulia na haijamsubiri mwenziwe. Kwamba sukari iko, lakini imejificha chini ya siagi. Kwamba kuna kile kitu cha tatu, kisicho chumvi wala sukari, kile cha mchuzi wa mifupa uliokaa jikoni tangu asubuhi, na leo ni chembamba. Yeye anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anapunguza hiki, anauacha uyoga kwenye chuma muda zaidi, na kundi linalofuata linatoka limenyooka. Aliujua uyoga ule kuliko sisi sote na hakuwahi kuutia mdomoni. Mwezi wa Ramadhani ndiyo kabisa, nilikuwa nikimwonjea hadi wali. Nilinenepa kwa ajili ya dini ya mtu mwingine.

Kuhusu lishe, niseme kidogo, maana mtaalamu wetu wa lishe alikuwa mtu makini na kadi aliyotuandikia kuhusu kila chakula ilikuwa ya kweli. Ilisema uyoga una kalori chache, una nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, potasiamu, madini ya shaba na seleniamu. Protini ipo, ila msiifananishe na ya nyama, Papa Alphonse aseme atakavyo. Vitamini D unayo ikiwa ulianikwa juani au uliwekwa chini ya taa maalumu, la sivyo ni jina tu. Siagi ilitajwa kwa herufi ndogo, na chumvi ya soya kwa herufi ndogo zaidi. Yote sawa. Ila sidhani kuna abiria aliyewahi kukata tiketi ya viti vya mbele kwa ajili ya seleniamu. Kilichoubakiza uyoga kwenye menyu ni kwamba kule juu hewa ni kavu, pua inaziba, chumvi na sukari zinalegea, lakini kile kitu cha tatu hakitetereki. Kuku akifika angani amekuwa pamba. Uyoga unafika ukiwa uyoga.

Tuliishi hivyo miaka, yeye akipika na mimi nikisema, mpaka korona ilipoingia. Ndege zikalala, jiko likafungwa, kila mtu akajifungia kwake kuhesabu mifuko ya unga. Mimi iliniangusha. Nikalala chumba cha nyuma kwa dada yangu kule Laurel, chakula nikiachiwa mlangoni, nikapona. Nikatoka, nikajipikia kahawa, nikanywa maji ya moto. Nikaongeza kahawa. Nikanywa maji ya moto meusi. Nikakata kitunguu, nikakiweka puani, nikakitafuna kama tunda, machozi yakanitoka na ladha haikuja. Daktari akasema wengi hurudiwa baada ya wiki, wengine baada ya miezi. Hakusema habari za wale wa tatu, nami sikumuuliza.

Tulipoitwa kazini, ndege ya Tokyo ilikuwa bado haijarudi, tunapika vya majaribio tu. Asubuhi ya kwanza Bi Zuhura alifungua foili, akanisogezea kijiko.

"Vipi?"

"Bi Zuhura, mimi siwezi ku-taste. Hata smell hakuna. Nime-try kila kitu, hata pilipili. Inachoma tu, haina mambo mengine."

Aliuweka mfuniko wa sufuria chini taratibu. "Pole, Damari. Pole sana." Kisha akasema, "Basi leo jiko zima halina ulimi."

Tukamwita Papa Alphonse, na kesho yake tukamwita tena. Alikuja mbio, akala foili nzima, akapangusa mdomo, akasifu kwa Kifaransa chake.

"Iko bien."

"Chumvi je?"

"Iko bien."

"Jana uliniambia hivyo hivyo, na nilikuwa sijatia sosi."

"Na jana pia ilikuwa bien, mama."

Alikuwa mtu mwema na ulimi wake ulikuwa na shukrani mno, haufai kwa kazi hii. Wakati huohuo tukapata meneja mpya, kijana aitwaye Doug, mwenye viatu safi kupita kiasi. Doug aliweka kanuni kwamba kila mpishi aonje chakula chake mwenyewe kabla hakijaingia Siberia, kisha atie sahihi. Nasema ukweli, haikuwa kanuni mbaya. Ningekuwa abiria ningeitaka. Bi Zuhura alimweleza kwamba uyoga una pombe na yeye ni Mwislamu. Doug hakumkejeli. Alikwenda ofisini, akarudi anatabasamu, akasema kampuni inaiheshimu sana dini yake na imemtafutia mahali pasipohitaji kuonja.

Mahali penyewe palikuwa kwenye mashine ya trei.

Nilimkuta kwenye makabati yetu ya nguo, amekaa na glavu mkononi. Sikuwahi kumwona amekaa saa za kazi.

"Mimi mashine ile naijua, Damari. Nilitoka pale. Sirudi."

"Ni kazi tu, Bi Zuhura. Mwili unapumzika."

"Nyumbani wanangu wanakula piza. Hapa ndipo ninapopikia. Nikiosha trei nimeacha kupika, na nikiacha kupika mimi hapa nchini nimebaki kuwa nani? Mama Salma anayesubiri basi?"

Mimi niliyewahi kuwa mwalimu nilijua anachokisema, na kiliniuma.

Doug, ambaye habari za ulimi wangu hakuzijua bado, aliongeza habari nyingine. Bwana Morita angekuja kuidhinisha menyu kabla ndege haijarudi, na kila mpishi angeonja chakula chake mbele yake. Asiyeonja ndiyo kwaheri, anahamia kwenye mvuke. Bi Zuhura akaniambia nimuulize Doug: je, Bwana Morita akiukubali uyoga usio na chupa? Doug akakuna kichwa, akasema mapishi ni ya shirika la ndege, mzee akikubali, yeye ni nani.

Jumamosi ile nilikuwa jikoni kwa Bi Zuhura. Alikuwa amenunua sosi ya soya yenye alama ya halali, uyoga mbichi wa aina mbalimbali, na pakiti ya uyoga mkavu. Alipika ule ule wa kazini, ila pale penye sake na mirini alitia maji na sukari. Akafungua foili, akasema bismillahi, akala uyoga wake kwa mara ya kwanza maishani. Alitafuna kwa muda mrefu. Mimi nilisimama kama mzazi nje ya chumba cha mtihani.

"Hiki ndicho nilichokuwa nikiwalisha watu?"

"Kikoje?"

"Kandambili. Kandambili iliyosomeshwa."

Salma, binti yake, alichungulia kutoka sebuleni. "Mom, it's just mushrooms," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Bi Zuhura akapika tena. Aliloweka uyoga mkavu, akayachemsha maji yake mpaka yakapungua na kuwa mazito, akatia sukari guru na tone la ndimu. Akaonja. Akatia. Akaonja. Mimi nilikuwa naosha sufuria, maana sikuwa na kazi nyingine. Aliniuliza "Vipi?" kwa mazoea, kisha akajishika mdomo. Nikacheka kwanza ili naye apate kucheka.

Bwana Morita alifika, shingo ile ile, mvi zaidi. Walimpangia meza ndefu karibu na oveni, Doug pembeni yake na karatasi zake. Wapishi walipita mmoja mmoja. Zamu yetu ilipofika, Bi Zuhura aliweka foili mbili, ya zamani niliyoimiminia chupa mimi, na yake. Bwana Morita alifungua ya zamani, akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Akafungua ya pili. Akaonja. Hakutikisa kichwa, hakukataa. Akamwashiria Bi Zuhura achukue kijiko.

Bi Zuhura akachota, akatia mdomoni, mbele ya Doug na kila mtu. Doug akaweka alama yake. Mimi nikashusha pumzi, nikajua tumemaliza. Bwana Morita akauliza, "Ikoje?"

Bi Zuhura akanigeukia. "Mwambie bado."

"Bado nini?"

"Kati ya chumvi na siagi pako wazi. Kile kitu chako cha tatu kimechelewa. Mwambie."

"Wewe Bi Zuhura, sema iko sawa tuende zetu! Si ume-taste? Doug ameshaandika."

"Miaka yote uliyonionjea, uliwahi kuniambia iko sawa na haiko sawa?"

Nikatafsiri. Doug aliacha kuandika akatukodolea macho, maana hajawahi kuona mtu anajishitaki mwenyewe. Bwana Morita akasema, "Tena."

Akafanya tena palepale. Aliuacha uyoga kwenye chuma mpaka ukanyamaza kabisa na kuzidi, mimi nikidhani utaungua, kisha akazidisha yale maji mazito, akapunguza sukari. Foili, oveni, tukangoja. Papa Alphonse akanong'ona kwamba ile ya kwanza nayo ilikuwa bien. Foili ilipofunguliwa, Bi Zuhura alionja, akafumba macho, akasema, "Sasa." Bwana Morita akaonja baada yake. Akaonja tena. Akaivuta foili upande wake na akala hadi akabaki na vipande viwili. Kisha akanisogezea mimi.

"Supu mkubwa. Wewe ndiye ulikuwa unaonja. Onja."

Nilitia mdomoni. Kulikuwa na moto, kulikuwa na ulaini wenye upinzani kidogo, kulikuwa na siagi inayoteleza. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Wote walikuwa wananitazama, na Bi Zuhura alikuwa ameinamisha kichwa vile vile alivyokuwa akikiinamisha siku zote akingoja neno langu. Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Ningesema tamu, ningemalizia miaka yangu palepale upande wa moto, na hakuna ambaye angejua. Lakini sikuwahi kumpa neno la mgeni tangu aliponikataza, na nisingeanza siku ile, kwenye uyoga wa kwanza uliokuwa wake mwenyewe.

"Siwezi kujua," nikasema kwa Kiingereza ili Doug asikie bila taabu. "Tangu niugue, ulimi wangu umekufa. Muulizeni yeye, yeye anajua."

Bwana Morita akala kile kipande changu kilichobaki. Akaidhinisha foili ya Bi Zuhura kwa abiria wasiotumia pombe. Baadaye ikawa ya abiria wote, kwa sababu Siberia haipendi mapishi mawili ya kitu kimoja. Ndiyo hiyo mnayoikunja nyinyi.

Wiki iliyofuata Doug aliniita. Alikuwa na huzuni ya kweli, nampa haki yake. Akasema mpishi lazima aonje, na mimi siwezi, na kampuni inaiheshimu sana hali ya afya yangu na imenitafutia mahali pasipohitaji kuonja. Nilicheka hadi akanipa maji. Bi Zuhura alikwenda ofisini kunitetea kwa Kiingereza chake chote, ambacho ni kifupi lakini kina makali, wakamsikiliza na hawakubadilika. Ulimi ukirudi nawe utarudi, wakasema. Haukurudi.

Kwa hiyo nilimalizia kazi pale nilipoanzia, na niwaambie wazi kwamba iliniuma. Wengine mlidhani niliomba mwenyewe kwa sababu ya uzee. Sikuomba. Nilikuwa nasimama kwenye mvuke nikilitazama dirisha la upande wa moto, na kuna siku nililia, nikajifuta kwa sweta, na mashine ikaficha. Nilijiliwaza kwa kukagua mabaki ya wapishi wa Tokyo na kupeleka ripoti. "Leo wamekataa samaki," namwambia Bi Zuhura wakati wa chai, naye anafurahi kama timu yake imefunga.

Nyumbani sasa nakula kwa kadi ya lishe. Nasoma, hii ina nyuzinyuzi, ile ina potasiamu, natafuna, namshukuru Mungu, naosha sahani. Ni chakula chenye afya sana. Simtakii mtu.

Juzi Bi Zuhura alikuja kunitazama. Alipitia hapa kutoka kazini, bado ana alama ya neti kwenye paji la uso, na mfukoni mwake foili iliyofungwa kwa taulo. Aliiweka mezani mbele yangu, akasubiri niifungue mwenyewe. Mvuke ukanipiga usoni. Nikala kipande, nikala cha pili. Yeye akaketi, akavua viatu.

"Vipi?" akauliza, na safari hii hakujishika mdomo.

"Sijui, Bi Zuhura. Niambie wewe."

Akavuta kiti karibu, akachukua kipande kwa vidole, akatafuna taratibu huku ameangalia dari. Akaanza na chumvi.